Mafuta katika Ziwa Tanganyika: leseni ya nchi moja, maji ya nchi nne

Burundi inamiliki takriban asilimia 8 tu ya Ziwa Tanganyika, lakini humo ndimo Bujumbura inamopata sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa, pamoja na ndagala na mukeke. Kwa hiyo, leseni ya mafuta inayotolewa ng'ambo ya ziwa inawahusu wakazi wake pia.

Julai 2022, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza zabuni ya vitalu vya mafuta, vingine vikiwa katika bonde la ziwa hilo. Zabuni hiyo ilifutwa Oktoba 2024. Burundi nayo iliwahi kutafuta mafuta: katika miaka ya 1980, visima vya utafiti vilichimbwa katika uwanda wa Rusizi.

Kila nchi hutoa leseni kwa sheria zake. Hata hivyo, mkataba uliotiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia unaitaka kila nchi kuziarifu nyingine na kutathmini athari za mazingira kabla ya kuidhinisha mradi unaoweza kuleta madhara. Mkataba huo pia unaweka kanuni ya tahadhari, na kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Utekelezaji wake huratibiwa na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao makuu Bujumbura.

Tahadhari hiyo ina sababu. Ziwa lina kina cha mita 1,470, na mto mmoja tu, Lukuga, ndio unaotoka humo. Maji yake huchukua karne nyingi kubadilika. Mafuta yakimwagika, fidia inaweza kulipwa, lakini haitayasafisha maji hayo.