Pampu ya Maji Iliyogandamana na Injini

Gari likiisha kutumika miaka mingi, aghalabu hufika siku ambapo pampu yake ya maji haina budi kutolewa, na fundi, akiisha kufungua bolti zote, huikuta pampu haitikisiki mahali pake, kana kwamba ilisubiwa pamoja na injini katika kalibu moja. Wengi hudhani kuwa huo ni ukaidi tu wa chuma, wakaiendea nyundo kubwa. Hali ya kuwa kukwama huko kuna asili yake, na mwenye kuijua asili hiyo huwa amekwisha kupata nafuu ya nusu ya kazi kabla hajashika spana.

Pampu yenyewe ni chombo chepesi kueleweka. Maji yaliyopoa hutoka chini ya rejeta kwa mpira mnene, yakapokewa na mapanga ya pampu na kusukumwa ndani ya bloki, yakazizunguka silinda, yakapanda kwenye silinda hedi, hata yakafika penye themostati, kilango ambacho katika magari mengi huanza kufunguka joto likikaribia nyuzi 82 au 88, ndipo yakarejea juu ya rejeta kupozwa upya. Katika Land Rover za zamani, na katika zile Toyota Corolla ambazo Wakenya wamezoea kuziita DX, feni na pampu hushiriki mhimili mmoja unaozungushwa na mkanda. (Mwenye Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa duara, ana ruhusa ya kufunga gazeti hapa, maana injini yake hupozwa kwa upepo na haina pampu ya maji hata moja.)

Chini ya mwili wa pampu kuna tundu dogo ambalo kazi yake haijulikani na watu wengi. Sili inayouzuia mhimili usivujishe maji ikichakaa, maji hutokea kwenye tundu hilo badala ya kuingia ndani ya beringi na kuiosha grisi yake. Basi tundu likianza kudondosha, hiyo ni ithibati kwamba pampu imemaliza umri wake. Nimeona madereva wakiliziba kwa gundi, na kwa rai yangu hakuna ujinga unaoigharimu injini kuliko huo, kwa kuwa aliyeziba tundu hakuyazuia maji, bali ameyaelekeza kwenye beringi. Apandaye na mzigo kutoka Mombasa kwenda Nairobi hukwea zaidi ya mita 1,600, na huko juu maji yaliyo wazi huchemka kabla ya kufika nyuzi 96. Akiwa na pampu iliyolegea hupata taabu njiani. Wala asithubutu kukifungua kifuniko cha rejeta injini ingali moto.

Sasa tuitazame sababu ya kukwama. Mwili wa pampu aghalabu ni wa alumini, bloki katika magari mengi ya zamani ni ya chuma cha kusubu, na bolti ni za feleji. Madini mbalimbali yakigusana ndani ya maji yenye chumvi, huzuka baina yake mkondo hafifu wa umeme, na alumini, iliyo dhaifu kuliko wenzake, huliwa kidogo kidogo ikageuka unga mweupe. Na unga huo huhitaji nafasi kubwa kuliko madini uliyotokana nayo, kwa hiyo hujaza kila upenyo ulioko kati ya bolti na tundu lake, ukaibana bolti kwa nguvu isiyoshindwa na mkono. Maji ya visima vya pwani, yenye chumvi, huiharakisha kazi hiyo, na maji magumu ya bara huongeza chokaa juu yake. Kwa kuwa sehemu kubwa ya nchi zetu haina barafu, wengi huiona kulanti kuwa anasa ya Wazungu. Kumbe fadhila yake kubwa kwetu si kuzuia kuganda, bali dawa zilizotiwa ndani yake za kuzuia kutu. Tena kuna gasketi ya karatasi, ambayo baada ya miaka ya kuchomwa na joto hushika pande zote mbili kama ukoko ulioshika sufuria.

Kazi na ianze injini ikiwa baridi kabisa, na waya hasi wa betri umefunguliwa. Maji yakingwe katika beseni na yaondolewe hima, kwa sababu kulanti ina ladha tamu na ni sumu kwa watoto na wanyama. Bolti za feni zilegezwe mkanda ungali umekaza, maana mkanda ndio unaoizuia puli isizunguke. Kila bolti itokayo ichomekwe katika kipande cha boksi kilichochorwa umbo la pampu, kwani urefu wake hutofautiana, na bolti ndefu ikitiwa katika tundu fupi yaweza kupasua kilichoko nyuma yake.

Bolti ngumu hutiwa mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, ikagongwa kichwani kwa nyundo ndogo ili mafuta yapenye, kisha ikakazwa kidogo sana kabla ya kulegezwa, na kila inapogoma irudishwe nyuma na kuendelezwa tena. Isipokubali, joto ndilo dawa: alumini hutanuka takriban mara mbili ya feleji kwa kipimo kile kile cha joto, kwa hiyo moto uelekezwe kwenye mwili wa pampu, si kwenye bolti, baada ya kuhakikisha kwamba hapana petroli wala mafuta karibu. Kichwa kikikatika, pampu itolewe kwanza, kisha kisiki kichomelewe nati. Joto la kuchomelea hulegeza, na nati huipa spana mahali pa kushika. Keekee ni ya bolti iliyokatika sawasawa na uso wa bloki, nayo yataka mkono mtulivu na shabaha ya katikati.

Pampu ikigoma hata baada ya hayo, itafutwe kwanza bolti iliyosahauliwa chini ya matope na grisi, jambo linalotokea mara nyingi kuliko mafundi wanavyokiri. Kisha igongwe kwa nyundo ya mti au ya mpira, huku na huku, penye unene. Pampu nyingine zina matundu yenye nyuzi yasiyo na bolti: humo hutiwa bolti mbili zikakazwa kwa zamu hata pampu ikajisukuma yenyewe. Pampu mbovu yaweza kupigwa, kwa kuwa itatupwa. Bisibisi lisiingizwe kamwe baina ya nyuso mbili, maana mkwaruzo mmoja katika uso wa bloki utavuja daima.

Uso husafishwa kwa kipande cha mti au plastiki, kitambaa kikiwa kimeziba mlango wa maji. Pampu mpya ilinganishwe na kuukuu, tundu kwa tundu na panga kwa panga. Bolti zifikazo kwenye maji zipakwe gundi ya nyuzi, na zote zikazwe kwa kukingamana, kwa awamu, kwa kipimo kilichomo katika kitabu cha gari. Mkanda ukibonyezwa kwa kidole gumba ushuke kama sentimita moja. Ukizidi kukazwa huiua beringi mpya. Maji yatiwe polepole, injini iwashwe kifuniko kikiwa wazi hata themostati ifunguke na maji yashuke, kisha yaongezwe. Pampu mpya yaweza kudondosha matone machache mpaka sili yake ikae sawa. Matone yakiendelea baada ya safari za kwanza, irudishwe dukani pamoja na risiti yake.