Gari Mara Linawaka, Mara Linagoma: Pima Kabla ya Kununua Spea

Leo hatuzungumzi juu ya mbegu wala mbolea. Tunazungumza juu ya chombo kinachofikisha jasho lako sokoni, yaani gari.

Wakulima wengi wa mboga, wa Mgeta, wa Lushoto na kwingineko, mazao yao huishia Kariakoo. Baadhi yenu mmechangishana, mkanunua pikapu iliyotumika au kale kagari kadogo ka mizigo tunakokaita kirikuu. Hayo ni maendeleo. Lakini gari lililotumika lina ugonjwa mmoja unaosumbua kuliko yote: mara linawaka, mara linagoma. Alfajiri umeshusha matenga salama, unataka kurudi, gari kimya. Baada ya nusu saa linawaka kama halikuwa na neno. Wiki inayofuata linagoma njiani, mzigo ukiwa juu. Nyanya hazisubiri fundi, ndugu mkulima.

Karibu kabisa na soko, upande wa Gerezani, maduka ya spea na mafundi wamejaa. Huo ni urahisi, lakini pia ni mtego. Kwa kuwa spea iko karibu, mtu hununua kabla ya kuujua ugonjwa. Leo betri, kesho stata, keshokutwa alteneta, na gari bado linagoma. Fedha ya pembejeo imekwisha. Basi tufuate utaratibu.

Kwanza, sikiliza gari linavyokataa.

Ukiwasha, taa zikafifia na stata ikazunguka kwa uchovu, au ukasikia tiki-tiki-tiki, umeme hautoshi. Shuku betri, terminali zake na waya.

Ukisikia "tak!" moja tu, taa zikabaki kali, na ukijaribu mara tano sita inazunguka, shuku stata. Ndani yake mna vipande vya shaba vya kupitishia umeme, navyo hulika. Katika stata nyingi fundi anaweza kubadili shaba hizo peke yake. Muulize kabla hujanunua stata nzima.

Kama husikii chochote na gari ni la gia za otomatiki, kanyaga breki, uweke gia kwenye N, ujaribu tena. Likiwaka, swichi ya gia ndiyo yenye kasoro.

Lakini kama stata inazunguka kwa nguvu na injini haishiki, usiguse betri. Hapo ama mafuta hayafiki, ama cheche hakuna. Gari likigoma likiwa na joto na kuwaka likipoa, shuku sensa inayoieleza kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Sensa hiyo ikichakaa, mara nyingi huzimia kwa joto na kuzinduka ikipoa.

Pili, pima umeme. Fundi umeme awe na mita, nawe usimame hapo uone namba mwenyewe. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 imekwisha chaji. Stata ikizunguka, betri isishuke chini ya volti 10 hivi. Injini ikishawaka, mita isome kati ya 13.5 na 14.7. Ikibaki 12 na kitu, betri haichajiwi, na hata ukinunua mpya itakufa vilevile.

Usisahau waya wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini. Kutu au boliti iliyolegea hapo huleta ugonjwa huu wa kuja na kuondoka. Fungua terminali ya hasi kwanza, kisha ya chanya. Zisafishe kwa brashi ya waya na maji ya moto yenye magadi, zikauke, uzikaze. Wakati wa kufunga, chanya itangulie. Usivute sigara karibu na betri, maana hutoa hewa inayolipuka.

Tatu, zijue namba za hitilafu. Magari ya siku hizi yana kompyuta inayotunza kumbukumbu ya kasoro. Fundi huchomeka mashine ya kupima chini ya dashibodi, upande wa dereva, akasoma namba. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 taa ya injini hupepesa, na fundi anahesabu mipepeso. Asiyejua asijaribu kuunganisha waya kwa kubahatisha, ataunguza vitu.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Namba haikutajii spea ya kununua. Inakutajia njia ya umeme yenye shida. Kwa mfano, P0335 inahusu njia ya ile sensa ya mzunguko wa injini. Huenda sensa imekufa. Huenda pia waya umechubuka, plagi yake imeingia mafuta, au panya wametafuna. P0562 husema umeme wa gari uko chini, basi rudi kwenye betri na alteneta. Tena betri dhaifu yaweza kuifanya kompyuta iandike namba nyingi za uongo. Ndiyo maana tumepima betri kabla ya mashine.

Fundi akisoma namba, ziandike zote kabla hajazifuta. Kisha azifute, utembelee gari, usomewe tena. Namba inayorudi ndiyo yenye maneno. Mwombe pia atikise waya na plagi za njia hiyo huku injini inanguruma. Injini ikistuka au ikizima, mmepakaribia mahali penyewe.

Nne, weka daftari ndani ya gari. Kila likigoma andika: saa ngapi, injini ya moto au baridi, mvua au jua, umesikia mlio gani, taa zipi ziliwaka. Ugonjwa wa kuja na kuondoka mara nyingi hujificha fundi anapofika. Daftari ndilo shahidi wako. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Ndugu mkulima, ukifika kwa fundi usimwambie, "Nifungie stata mpya." Mweleze dalili, mwoneshe daftari, umwombe apime mbele yako. Fedha itoke mfukoni baada ya mita kusema.

Kwa leo tunaishia hapo. Tunakutakia safari njema na soko zuri. Kwaheri.