Mto Rufiji katika Picha za Vita: Aliyepiga, Aliyepigwa na Aliyeachwa Nje

Utangulizi

Katika Kiswahili picha hupigwa, na mzinga hupigwa. Kitenzi ni kimoja, na msikilizaji hutambua maana kutokana na kile kinachokifuata. Katika delta ya mto Rufiji mwaka 1915 vitendo hivyo viwili vilikaribiana mno: ndege zilipaa kupiga picha ya manowari ya Kijerumani iliyojificha ndani ya mikoko, na miezi michache baadaye ndege zikapaa tena kuielekeza mizinga iliyoiangamiza. Picha za tukio hilo zimehifadhiwa na zimechapishwa mara nyingi. Ndizo zilizoufanya mto huu ujulikane ulimwenguni katika historia ya Vita Kuu vya Kwanza.

Hata hivyo, picha haijisemei yenyewe. Husemewa na maelezo yaliyoandikwa chini yake, na maelezo ya picha za Rufiji yaliandikwa kwa Kijerumani na kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya. Hoja ya msingi ya mhadhara huu ni kwamba picha hizo haziwezi kusomwa kikamilifu pasipo ushahidi uliohifadhiwa ndani ya lugha ya Kiswahili: katika masimulizi, katika majina ya mahali na katika msamiati wa kazi. Pasipo ushahidi huo, mto hubaki kuwa mandhari tupu, na watu wake hugeuka vivuli.

Mto kabla ya manowari

Taswira ya kwanza ya Rufiji katika vita vya karne ya ishirini haikutengenezwa kwa kamera. Ilitengenezwa kwa neno, nalo ni neno maji. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyokusanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, chini ya Gilbert Gwassa na John Iliffe, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alichukuliwa na pepo aitwaye Hongo, akazama majini. Ndugu zake walimtafuta wasimwone. Siku iliyofuata alitoka akiwa mzima, na nguo zake zikiwa kavu. Kuanzia hapo alitoa dawa ya maji iliyoaminiwa kuwa ingemkinga mtu na risasi za Wajerumani.

Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 huko Nandete, katika nchi ya Wamatumbi, watu walipong'oa miche ya pamba waliyokuwa wakilazimishwa kuilima. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti mwaka huohuo. Hakuna kamera iliyomwona akitoka majini, lakini taswira hiyo imedumu. Ebrahim Hussein aliijengea tamthilia yake Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Hivyo basi, wakati wapigapicha wa vita vya 1914 walipoufikia Rufiji, mto huo ulikuwa tayari na maana ya kivita kwa wakazi wake. Ulikuwa mto uliounganisha makabila dhidi ya utawala, na vilevile mto uliokumbusha adhabu kali iliyofuata.

Manowari ndani ya mikoko

Manowari Königsberg iliwasili Dar es Salaam mwezi Juni 1914 chini ya nahodha Max Looff. Tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar. Baada ya hapo mitambo yake iliharibika, nayo ikaingia Rufiji kutafuta maficho. Ramani za Waingereza zilikuwa za zamani, ilhali Wajerumani walikuwa wameipima milango ya mto huo na walijua ni mkondo upi ungepitisha chombo kikubwa. Mabaharia waliifunika meli kwa matawi ya mikoko, na askari wakawekwa kwenye kingo za delta.

Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba 1914. Tarehe 10 Novemba walizamisha meli kuukuu, Newbridge, katika mkondo wa Suninga ili kuifungia ndani. Delta ina mikondo mingi, na kuziba mmoja si kuiziba yote. Mtaalamu wa kusaka njia, Pieter Pretorius, alitumwa kupeleleza kwa mtumbwi, akiongozwa na wenyeji. Hatimaye zililetwa Severn na Mersey, meli mbili za kina kifupi zilizoundwa awali kwa ajili ya Brazili ili zitumike katika mto Amazon. Shambulio la tarehe 6 Julai 1915 halikufaulu. La tarehe 11 Julai lilifaulu: Königsberg iliteketea, na Looff akaamuru ilipuliwe.

Picha kutoka angani

Upelelezi wa angani ulianza Novemba 1914, wakati rubani raia, Dennis Cutler, alipoiona manowari hiyo kutoka katika ndege ya majini. Mwezi Aprili 1915 rubani John Cull aliipiga picha kutoka juu. Katika siku ya shambulio la mwisho, ndege ya Cull na mwenziwe Arnold ilipigwa, na Arnold aliendelea kupeleka ishara za kurekebisha shabaha hali ndege ikishuka kuelekea mtoni. Picha za aina hii ni miongoni mwa mifano ya mapema ya matumizi ya kamera ya angani katika vita barani Afrika.

Mtazamaji wa picha hizo huona nini? Huona utepe wa maji, weusi wa miti, na katikati yake umbo jembamba la meli. Macho huelekezwa kwenye umbo hilo, kwa kuwa ndilo lililotafutwa. Kila kitu kingine ni kizuizi. Maandishi mengi ya Kizungu kuhusu tukio hilo huiita miti hiyo msitu wa kutisha, na maji yenyewe huyaita matope na homa.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, weusi uleule una majina. Kuna mkoko, mkandaa, muia, mchu na mkomafi, na kila mti una kazi yake. Boriti za Rufiji zilisafirishwa kwa majahazi hadi Zanzibar, Lamu na nchi za Arabuni, zikaezeka nyumba ambazo upana wa vyumba vyake ulitokana na urefu wa boriti. Salale, ambako manowari ilijificha, palikuwa mahali pa biashara hiyo. Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni na Msala, ambayo katika ramani za kijeshi ni milango ya kulindwa au kuzibwa, ni mahali ambapo Wandengereko na Wanyagatwa walivua, walilima mpunga na kukata miti. Picha ya angani haikuandika uongo. Iliandika swali moja tu, yaani meli iko wapi, na jibu lake likafunika maswali mengine yote.

Mabega yasiyoonekana

Jambo lililo zito zaidi ni lile ambalo picha hizo hazikulionyesha. Sehemu za mitambo ya Königsberg zilizoharibika hazikutengenezwa mtoni. Zilipelekwa Dar es Salaam kwa njia ya nchi kavu, zikiburutwa na kubebwa na mamia ya watu, kisha zikarudishwa. Baada ya meli kuteketea, mizinga yake 10 iliopolewa majini na kupelekwa Dar es Salaam, ikafungwa magurudumu na kutumika katika vita vya nchi kavu. Mmoja wa mizinga hiyo upo leo nje ya Fort Jesus, Mombasa, karibu na mzinga wa Pegasus. Mwingine upo Pretoria. Chuma kimewekewa kumbukumbu. Mikono iliyokivuta haikuwekewa.

Mto ulirudi katika vita mwanzoni mwa 1917, safari hii kwa mafuriko. Majeshi ya Uingereza yalivuka Rufiji eneo la Kibambawe mwezi Januari, na mvua zikanyesha kwa wingi. Askari, wakiwamo wa Kikosi cha Nigeria, walikaa kingoni kwa posho iliyopunguzwa, kwa sababu chakula kilitegemea mabega ya wapagazi na njia zilikuwa chini ya maji. Katika kumbukumbu za maofisa, mafuriko hayo ni balaa. Katika kalenda ya mkulima wa Rufiji, mafuriko ni majira: maji yakishapungua hupandwa mazao ya mlau katika ardhi yenye unyevu na rutuba. Balaa ya mkulima ilikuwa jeshi lililokula akiba yake na kumchukua yeye mwenyewe kuwa mpagazi.

Kwa upande wa Waingereza na washirika wao, wapagazi walioandikishwa katika kampeni nzima walikaribia milioni moja, na vifo vilivyoandikwa vinakaribia laki moja. Baadhi ya wanahistoria huona kwamba idadi halisi ni kubwa zaidi. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa homa ya mapafu, kwa njaa na kwa uchovu.

Wapagazi hao wamo katika picha, lakini kwa namna maalumu. Katika mkusanyo wa Walther Dobbertin, mpigapicha Mjerumani aliyefuatana na jeshi, na katika picha za Waingereza, wao ni msururu: migongo, mizigo na miguu. Ofisa hutajwa kwa jina na cheo, meli hutajwa kwa jina, na mzinga kwa kipimo chake. Mpagazi hutajwa kwa kazi yake.

Hapa pana jambo la kuvutia kiisimu. Kijerumani cha koloni kilikopa maneno mengi ya Kiswahili, kama vile askari, boma, pori, safari na shauri. Maneno hayo yamejaa katika vitabu vya vita na katika maelezo ya picha. Lugha ya watu ilichukuliwa, majina yao yakaachwa.

Lugha kama ghala ya kumbukumbu

Pale kamera iliponyamaza, lugha ilihifadhi. Kariakoo ya Dar es Salaam, pamoja na ile ya Nairobi inayoandikwa Kariokor, zimepata jina kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichopiga kambi huko. Jina la kikosi lilipita katika vinywa vya watu likapata silabi za Kiswahili. Mamilioni hulitamka kila siku wakiwa na nia ya kwenda sokoni, na wachache hukumbuka kwamba wanataja jeshi la wabeba mizigo.

Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 inatoa mfano mwingine. Umbo la shaba ni la askari mmoja mwenye bunduki. Maandishi yaliyo chini yake, kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu na za Kirumi pamoja na Kiingereza, yanawataja pia wapagazi. Anayetazama umbo peke yake hataona mpagazi. Anayesoma maandishi atamkuta. Huo ndio uhusiano wa picha na maelezo kwa ufupi, na ndio unaoonyesha kwa nini maelezo si pambo.

Namna ya kuzisoma upya

Mwanafunzi wa Taaluma za Kiswahili anayetaka kuzichunguza picha hizi anaweza kuanza na maswali manne. Kwanza, nani alipiga picha, akiwa amesimama wapi, na alitafuta nini? Pili, maelezo yanamtaja nani kwa jina na nani kwa kazi? Tatu, mahali panapoonekana panaitwaje na wenyeji, na palikuwa na shughuli gani kabla ya vita? Nne, ni tendo gani lilihitajika ili picha iwezekane, lakini halionekani ndani yake?

Tuseme picha inaonyesha mzinga wa Königsberg ukiwa juu ya magurudumu. Jibu la swali la kwanza ni fahari ya jeshi lililoikomboa silaha yake. Swali la pili humkuta ofisa mwenye jina na watu wasio na jina. La tatu huturudisha Salale na boriti zake. La nne hulirejesha tendo la kuopoa na kuburuta, pamoja na vijiji vilivyotoa watu hao na chakula chao. Picha haikubadilika hata kidogo, ila sasa inasema zaidi.

Kwa upande wa nyenzo, hali ni nafuu kuliko zamani. Picha nyingi za Dobbertin, zilizo katika Bundesarchiv ya Ujerumani, zimewekwa katika intaneti tangu mwaka 2008, na Imperial War Museum ya London ina mkusanyo wake. Mtafiti hana budi kuzingatia tahajia za kale: Rufidji kwa Rufiji, Daressalam kwa Dar es Salaam. Upande wa pili wa kazi hauko katika intaneti. Uko Mohoro, Utete, Salale na vijiji vya delta, katika majina ya mikondo na katika hadithi ambazo wajukuu walizipokea kwa wazee wao.

Hitimisho

Mabaki ya Königsberg yalionekana mtoni kwa miongo kadhaa, hadi miaka ya 1960, kabla ya kumezwa na matope. Picha zake zimebaki, na zitaendelea kuchapishwa. Pasipo maelezo mapya, kila toleo litarudia mtazamo wa rubani aliyekuwa na haki ya kutafuta meli, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kazi ya msomi ni nyingine. Ni kuandika chini ya picha zilezile, kwa Kiswahili sanifu na kwa ushahidi uliopimwa, jina la mkondo, jina la mti, kazi iliyofanyika na, kila yanapopatikana, majina ya waliofanya kazi hiyo. Walioyakumbuka mambo hayo kwa macho yao wamekwisha kufariki. Waliosikia kwao wangalipo, nao hawatakuwapo siku zote.