Meza ya sinki bafuni: mwaga zege mwenyewe

WENGI wetu tuliorudi Nile Magharibi baada ya ukimbizi wa 1979 na 1980 tulianza na nyumba ya matofali na bati tu. Bafu la ndani lilikuja miaka mingi baadaye, pamoja na kabati la sinki lililopakiwa kwenye lori kutoka Kampala, takriban kilomita 500. Sasa makabati hayo ndiyo yanayotangulia kuoza.

Mimi nakaa Dadamu, upande wa Arua. Meza ya sinki nyumbani kwangu ilikuwa ya maranda yaliyogandishwa kwa gundi na kufunikwa plastiki nyembamba. Maji yakipenya kwenye ukingo wa sinki, maranda huyanywa, huvimba, kisha humumunyuka kama mkate uliolowa. Mama yangu, mwenye miaka zaidi ya 80, huegemea meza hiyo kila alfajiri anapotawadha. Huyu ni mtu aliyetembea kwa miguu hadi Zaire na watoto mgongoni. Sikutaka avunjike nyonga ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Niliulizia mpya mjini, nikaonyeshwa maranda yale yale. Nikaamua kumwaga ya zege. Ndugu msomaji, kazi yenyewe ni hii.

Pima kwanza

Kuta zetu hazikunyooka, hivyo pima upana mara tatu: nyuma, katikati na mbele. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, ukipunguze nusu sentimita. Yangu ilitoka sentimita 120 kwa 55, unene 5.

Funga maji, fungua koki yamwagike yaliyobaki, weka ndoo chini ya bomba lililopinda, kisha legeza kiungo chake kwa mkono au spana. Kata silikoni kwa wembe kabla ya kuinua sinki, la sivyo litapasuka. Sinki langu lilikuwa zima, nikalitumia tena.

Kumwaga

Tandaza karatasi ya nailoni kwenye sakafu iliyo sawa kwa pimamaji. Piga fremu ya mbao zenye kimo cha sentimita 5, uipake mafuta kwa ndani. Pindua sinki juu ya boksi, chora ukingo wake, kisha kata umbo dogo kwa sentimita 2 kila upande, ili ukingo upate pa kukalia. Kunja ukanda wa bati kwa umbo hilo, uweke mahali pake na ujaze mchanga ndani. Mahali pa koki simamisha kipande cha bomba la plastiki.

Laza nondo za milimita 8 mbele na nyuma ya tundu la sinki, na fupi mbili pembeni. Ziinue kwa vijiwe ziwe sentimita 2 kutoka chini, kwa sababu uzito ukikaa juu, zege huvutika upande wa chini.

Changanya saruji kipimo 1, mchanga 2, kokoto ndogo 3. Meza kama yangu hula robo tu ya mfuko wa kilo 50. Maji yasizidi nusu ya uzito wa saruji. Uji mwepesi humwagika kirahisi lakini hupasuka ukikauka. Gongagonga fremu hewa itoke, kisha lainisha kwa mwiko.

Subira

Hapa ndipo mafundi wa haraka huharibu kazi. Zege haligumu kwa kukauka, hugumu kwa kubaki na maji. Funika kwa magunia, uyaloweshe asubuhi na jioni kwa siku 7. Wakati huo jenga nguzo mbili za matofali, kulia na kushoto, hadi kimo cha mtumiaji. Usitegemee vyuma vya ukutani, maana meza hii ina uzito wa karibu kilo 70. Waite watu wanne kuibeba.

Ilaze juu ya udongo wa saruji, pimamaji mkononi, iiname kidogo sana kuelekea mbele, ili maji yasisimame ukutani. Bandika marumaru au ipige msasa na saruji nyeupe. Silikoni izunguke sinki na ukuta.

Kwa wafanyabiashara wenye vyumba vya wageni njiani kwenda Oraba au Vurra, faida ni wazi: mgeni akikalia meza hii haivunjiki, na saruji, mchanga na kokoto vinapatikana pande zote za mpaka.

Kabla ya kumaliza, jaza sinki hadi juu, liachie maji kwa mkupuo, na ushike karatasi kavu chini ya kila kiungo. Ikilowa, kaza. Ikibaki kavu, rudisha maji na uanze kunawa.