Kikombe cha Sib na Mnada wa Mombasa

Kikao cha klabu yetu hakianzi mpaka chai ifike. Kila wiki mmoja wetu hutumwa kwenye kibanda cha karaki kilicho karibu na chuo, hapa hapa Sib, akarudi na vikombe vya karatasi, baisa 200 kila kimoja. Katika kikao kimoja cha muhula huu mwenzetu mmoja, ambaye upande wa mama yake ni watu wa Mombasa, alikishika kikombe chake akauliza: "Jamani, katika hizi baisa 200, aliyeyachuma majani anapata ngapi?"

Tulicheka, kisha tukanyamaza. Hapakuwa na aliyejua. Mwalimu mlezi wetu akasema, "Basi hiyo ndiyo makala yenu ya toleo lijalo." Ndivyo tulivyoanza kuifuata njia ya chai kurudi nyuma, kutoka kikombeni hadi mnadani, na kutoka mnadani hadi shambani. Tunawaletea tuliyoyapata.

Mnada tusiouona

Sisi wa Oman neno mnada si geni kwetu. Nani hajapelekwa na babu yake Nizwa asubuhi ya Ijumaa, akaona mbuzi wanavyozungushwa mbele ya wanunuzi huku bei zikitajwa kwa sauti? Na vijijini mwetu mavuno ya mitende hunadiwa yakiwa bado juu ya mti, huo mnada unaoitwa tinaa. Neno mnada lenyewe, pamoja na kitenzi kunadi, latokana na Kiarabu cha kuita kwa sauti. Dalali naye ni yule yule dallali wa masoko yetu.

Mnada wa chai wa Mombasa una madalali pia, lakini bidhaa haipo mbele ya mtu. Chai yenyewe imelala ghalani ndani ya magunia ya karatasi. Kinachotangulia ni sampuli. Dalali huchukua chai kidogo kutoka kila fungu, huionja, huikadiria bei, kisha huiandika katika orodha na kuwapelekea wanunuzi sampuli zao. Wanunuzi nao huonja. Vikombe vyeupe hupangwa mezani safu kwa safu, na mwonjaji hupita akivuta chai kwa kijiko, kwa kishindo ambacho nyumbani kwetu kingetuletea kofi, kisha huitema na kusogea kikombe cha pili. Siku ya mnada ikifika, kila mtu anajua ni fungu gani analitaka na mwisho wake ni bei gani.

Nairobi kwanza, Mombasa baadaye

Mti wa chai si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Kenya ulipandwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903. Tanganyika ulianza na Wajerumani, huko Amani katika milima ya Usambara. Miaka ya 1920 kampuni kubwa za Brooke Bond na James Finlay ziliingia Kericho na kufungua mashamba yasiyo na mwisho. Mwafrika alikuwa mchumaji; kupanda chai yake mwenyewe hakuruhusiwa. Mlango huo ulianza kufunguka kidogo kidogo katika miaka ya 1950, na mwaka 1964, Kenya ikiwa imekwisha kupata uhuru, ikaundwa KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo. Mamlaka hiyo iligeuzwa kuwa kampuni ya wakulima mwaka 2000, na leo inahudumia wakulima zaidi ya 600,000.

Na chai hiyo ilikuwa ikiuzwa wapi? London. Mnada wa chai wa London ulianza mwaka 1679, enzi za Kampuni ya East India, na baadaye mtaa wa Mincing Lane ukawa ndiyo jina la biashara yenyewe. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliishika biashara yote ya chai, na minada haikurudi London mpaka mwaka 1951. Wakati huo wote, chai ya Kericho ilisafiri bahari mbili kabla haijajulikana thamani yake.

Mwaka 1956 minada ikaanza Nairobi. Mwaka uliofuata, 1957, wafanyabiashara wakaunda Chama cha Biashara ya Chai cha Afrika Mashariki, kinachojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, EATTA. Kilichotuvutia ni namna kilivyokusanya watu ambao kwa kawaida huvutana: wazalishaji, madalali, wanunuzi, wenye maghala na wafungaji wa pakiti, wote chini ya kanuni moja. Muuzaji anataka bei ipande, mnunuzi anataka ishuke, na dalali yuko katikati. Chama hakikuondoa mvutano huo. Kiliupa mahali pa kufanyikia na taratibu za kuufuata.

Mwaka 1969 mnada ukahamishwa kutoka Nairobi hadi Mombasa. Ukiitazama ramani huhitaji kuelezwa sana. Chai hushuka kutoka milimani kuja bandarini, maghala yako bandarini, na meli ziko bandarini. Leo nyumba ya chama na ya mnada ni jengo la Tea Trade Centre, katika barabara ya Nyerere.

Hapa wenzetu wapenda historia walisimama kidogo. Mombasa kwetu si jina la ramani tu. Waomani waliitwaa Ngome ya Yesu mwaka 1698, Mazrui wakautawala mji kwa miaka mingi mpaka 1837, na ule ukanda wa pwani wa maili kumi ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar hadi Desemba 1963. Kwa hiyo minada ilipoanza Nairobi mwaka 1956, Mombasa bado ilikuwa ikipeperusha bendera nyekundu. Ilipohamia pwani mwaka 1969, bendera ilikuwa nyingine, na wengi wa bibi na babu zetu walikuwa wamo njiani, au wakijiandaa kuja huku.

Chama kilichoyapita mengi

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Shirika la reli, la ndege, la bandari, yote yakagawanywa. Mnada wa chai haukugawanywa. Chai ya nchi jirani iliendelea kuja Mombasa, na leo mnada huo hupokea chai ya Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na nchi nyingine za Afrika. Tuliona ajabu kwamba gunia la chai liliweza kufanya kile ambacho marais walishindwa.

Mwaka 1992 mnada ukaanza kuendeshwa kwa dola za Marekani. Mwaka 1998 mnada wa London, baada ya zaidi ya miaka 300, ukafungwa. Biashara ilikuwa imekwisha kuhamia kule chai inakolimwa. Mombasa ikawa miongoni mwa minada mikubwa kabisa ya chai duniani. Kenya peke yake hutoa zaidi ya kilo milioni 500 kwa mwaka, na kwa muda mrefu mnunuzi mkubwa wa chai yake amekuwa Pakistani.

Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia watu kukaa ukumbini, nyundo ya dalali ikanyamaza na mnada ukahamia kwenye kompyuta. Sasa mnunuzi anabonyeza tu.

Bei ya chini, na kilichofuata

Hapa ndipo swali la mwenzetu lilipoanza kupata uzito. Mwaka 2021 malalamiko ya wakulima wa Kenya yalikuwa makubwa: bei mnadani zilikuwa chini mno. Mwezi wa Julai mwaka huo ikawekwa bei ya chini ya chai ya wakulima wadogo, dola 2.43 kwa kilo. Fungu lisilofikia bei hiyo lisiuzwe.

Tulipoisikia mara ya kwanza, wengi wetu tulipiga makofi. Haki imepatikana! Lakini mnada ni wa watu wawili, na mnunuzi halazimishwi. Chai nzuri iliuzwa. Ile ya daraja la chini ilibaki. Wanunuzi waliipita, wakaenda kwenye mafungu ya wengine ambayo hayakuwa na kizuizi, na mamilioni ya kilo yakarundikana maghalani. Chai si mvinyo. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyopoteza ladha na bei. Mwaka 2024 serikali ikaiondoa bei hiyo.

Klabu iligawanyika. Kundi moja lilisema bei ya chini ilikuwa kosa, kwa sababu bei haiamrishwi. Kundi la pili lilisema kosa lilikuwa kutaka bei moja kwa chai zote, nzuri na mbaya, na kwamba mkulima kuachiwa soko peke yake ni sawa na kumwachia mbuzi achague kisu. Hatukuafikiana, wala hatutajifanya kuwa tuliafikiana.

Tanzania kwa upande wake ilichukua njia nyingine: Novemba 2023 ilianzisha mnada wake Dar es Salaam, ili chai ya Mufindi, Njombe na Rungwe isilazimike kwenda Mombasa kutafuta bei.

Hesabu ya kikombe

Tukarudi kwenye swali, tukachukua kalamu. Kikombe kimoja hutumia gramu mbili hivi za majani makavu. Kilo moja basi hutoa vikombe kama 500. Tuchukue ile bei ya dola 2.43, ambayo wanunuzi wengine waliiona kubwa. Dola moja ni kama baisa 385, kwa hiyo kilo nzima ni kama baisa 935. Gawanya kwa vikombe 500.

Haifiki baisa mbili.

Na hizo baisa mbili zisizotimia si za mkulima zote. Ndani yake kuna kiwanda, kuni na umeme wa kukaushia, lori la kuteremka hadi Mombasa, ghala, na dalali. Tena kilo moja ya chai kavu hutokana na kilo nne na nusu hivi za majani mabichi, yaliyochumwa kwa mkono, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, tangu asubuhi.

Hatusemi kwamba muuza karaki wetu ni mnyang'anyi. Analipa kodi ya kibanda, gesi, maziwa, sukari, iliki na mshahara wa kijana anayetuletea chai mpaka dirisha la gari. Lakini hesabu hiyo hiyo ilituonyesha jambo ambalo hatukulitarajia: bei ya mnada ikipanda maradufu, kikombe chetu kitapaswa kuongezeka kwa chini ya baisa mbili tu. Sisi tusingehisi chochote. Mchumaji wa Kericho au Murang'a angehisi.

Maneno ya bibi

Mmoja wetu alikwenda kumwuliza bibi yake, aliyezaliwa Zanzibar na kuhamia Oman katika miaka ya 1970. Alimkuta na birika lake na mkate wa kumimina. "Sisi chai tukinunua kidogo kidogo dukani, imefungwa kwa karatasi," alisema. "Wala hatukuuliza imetoka wapi. Mwanangu, mtu akiuliza kila kitu kimetoka wapi, chai itapoa." Kisha akafikiri, akaongeza: "Lakini nyinyi mnasoma. Ulizeni."

Tukauliza hata maneno. Chai isiyo na maziwa bibi huyo huiita chai ya rangi, na jamaa za mwenzetu wa Mombasa huiita ya turungi au ya mkandaa. Neno chai lenyewe hatukulichukua kwa shayi ya Kiarabu. Sauti yake yaelekea Uajemi na Bara Hindi. Ila ukishaingia kwenye orodha ya mnada Kiswahili kinakoma. Madaraja ni herufi, BP1, PF1, na bei ni senti za dola. Majani yamechumwa na watu wanaojua Kiswahili, yameteremshwa na madereva wanaozungumza Kiswahili, yamepakuliwa na wapagazi wa Mombasa, halafu thamani yake inatajwa kwa lugha nyingine. 

Hapa ndipo sisi, wanafunzi wa Kiswahili, tunapoona tuna kazi. Tumeanza orodha ndogo ya maneno ya biashara hii: mnada, dalali, sampuli, mwonjaji, fungu, daraja, bei ya chini. Mengi tayari yamo midomoni mwa watu. Walimu wetu wameahidi kuipitia, nasi tutaichapisha toleo lijalo. Mwenye jamaa Mombasa, Njombe au Fort Portal atuletee maneno yanayotumika huko.

Pakiti ya chai iliyomo jikoni kwetu klabuni imeandikwa kwamba imefungwa Imarati. Jebel Ali, Dubai, kuna kituo cha chai tangu mwaka 2005, ambako chai za nchi nyingi, Kenya ikiwemo, huchanganywa na kufungwa upya. Tuliigeuza pakiti yetu pande zote. Jina la kiwanda kilichokausha majani yake halikuwemo, wala la wilaya yalikochumwa. Mwenzetu yule wa swali aliirudisha kabatini, akaweka maji jikoni.