DHIS2: Faili moja linalobeba takwimu za kliniki, linafungwaje na kuwashwa?

Mama akienda kliniki Makunduchi, kadi yake inajazwa na rejista ya kituo inajazwa. Mwisho wa mwezi rejista inajumlishwa: wajawazito wangapi, chanjo ngapi, wagonjwa wa malaria wangapi. Kisha namba zinaingizwa kwenye DHIS2.

Wengi wetu tunaishia hapo. "Zishaingia kwenye mfumo." Lakini mfumo wenyewe ni kitu gani? Na inakuwaje siku fundi anapoamua kuubadilisha?

Jibu fupi: ni programu ya Java inayofunguliwa kwenye kivinjari, na programu nzima hufungwa ndani ya faili moja liitwalo dhis.war. Likifungwa vizuri, kazi inaendelea. Likifungwa ovyo, ripoti za mwezi zinaweza kukwama, au kupotea kabisa.

Mimi nimesomea habari, si kompyuta. Kwa hiyo nilikaa na jamaa anayeijua Java, tukaijaribu kwenye laptopu yangu kwa data za mfano za Sierra Leone ambazo DHIS2 inazitoa bure. Haya ndiyo niliyoondoka nayo.

Mfumo umetoka wapi?

DHIS ya kwanza ilizaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990, ikiendeshwa kwa Microsoft Access. Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kikaiandika upya kwa Java ndipo ikaja DHIS2. Ni programu huria: msimbo wake uko GitHub, yeyote anaruhusiwa kuuchukua na kuubadilisha. Leo inatumika katika nchi zaidi ya 70. Kenya iliisambaza nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011.

Zanzibar si mgeni kwenye habari hii. Mwaka 2012 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha makala kuhusu warsha za hapa visiwani: kila robo mwaka maafisa wa wilaya na wa programu za afya walikaa pamoja, kila mmoja akaonesha takwimu zake, wenzake wakazichambua mbele yake. Takwimu zikaboreka kwa sababu zilikuwa zinatumika.

Ndiyo maana habari ya faili hili si ya mafundi peke yao.

Usikimbilie msimbo

Ukisikia "tunataka mfumo wetu wenyewe", uliza kwanza: mnataka kubadilisha nini hasa?

Kuna ngazi tatu. Ya kwanza ni mipangilio. Mikoa 5 ya Zanzibar, wilaya 11, shehia, vituo, fomu, majina ya viashiria: yote haya yanaingizwa kwa kubofya tu ukiwa ndani ya mfumo. Huhitaji kugusa Java hata mstari mmoja.

Ya pili ni programu ndogo ya kuongezea, tuseme ukurasa maalumu wa ripoti. Hii inatengenezwa pembeni na kupachikwa bila kuufungua mfumo mkuu.

Ya tatu ndiyo kubadilisha msimbo wenyewe wa Java. Hapa ujue unajitwisha mzigo. Kila Oslo wakitoa toleo jipya, inabidi mabadiliko yako uyaunganishe tena na yao kwa mkono. Ukichelewa, unabaki na toleo la zamani lenye matundu ya usalama. Na yule kijana aliyeandika mabadiliko akipata kazi Dar, nani ataendelea?

Kwa hiyo anza ngazi ya chini. Panda tu pale ngazi iliyo chini imeshindwa.

Maven anafanya nini?

Tuseme kweli umefika ngazi ya tatu. Msimbo wa DHIS2 ni maelfu ya mafaili, na unategemea maktaba nyingi zilizoandikwa na watu wengine. Kuzikusanya moja moja utazeeka. Kazi hiyo anaifanya Maven, zana ya ujenzi.

Maven anasoma faili liitwalo pom.xml. Humo mmeandikwa programu inahitaji maktaba zipi, na za toleo lipi. Anazipakua, anaugeuza msimbo kuwa kitu ambacho Java inaweza kukiendesha, anafanya majaribio, kisha anafunga kila kitu kwenye kifurushi kimoja. Unaingia kwenye folda ya mradi na kuandika amri hii:

mvn clean install -DskipTests

Neno "clean" linafuta mabaki ya ujenzi uliopita. "Install" linajenga na kuhifadhi. Kipande cha mwisho kinaruka majaribio ili umalize haraka. Kwenye laptopu yako, sawa. Kwa seva ya watu, kitoe na uache majaribio yakimbie. Ule muda unaookoa ni mdogo kuliko usiku utakaokesha unatafuta kosa.

Angalizo la mfukoni: mara ya kwanza Maven atakula bando vizuri. Vyote anavyopakua anaviweka kwenye folda ya .m2 ndani ya kompyuta yako, hivyo mara ya pili hupakui tena upya. Intaneti ikikata, ukiongeza -o kwenye amri anajenga kwa alivyonavyo.

Halafu kabla ya kujenga, weka alama ya toleo kwenye Git. Miezi sita baadaye mtu akiuliza "hii iliyoko kwenye seva ni ipi?", jibu lisiwe "nadhani ile ya mwezi wa tatu".

Kisichoingia kwenye boksi

Hapa ndipo pana somo lenyewe.

Fikiria mzigo unaoupeleka bandarini Malindi uende Pemba. Boksi unalifunga, jina na namba ya simu ya mpokeaji unaandika nje. Ukitaka kubadilisha mpokeaji, unabadilisha karatasi ya juu. Hulifumui boksi.

Faili la dhis.war ni lile boksi. Anwani ya kanzidata, jina la mtumiaji na nenosiri lake havikai ndani. Vinakaa kwenye faili dogo la nje liitwalo dhis.conf, ndani ya folda ambayo seva inaijua kwa jina DHIS2_HOME. Kwa njia hii boksi lile lile unalijaribu kwenye laptopu, kisha unalipeleka kwenye seva bila kujenga tena. Uliyoyajaribu ndiyo hayo hayo yatakayowashwa.

Ukiandika nenosiri ndani ya msimbo na kulipandisha GitHub, umeacha ufunguo mlangoni. Tena ndani ya ile kanzidata kuna taarifa za afya za watu. Kwa hiyo dhis.conf isiende GitHub, na kwenye seva iwekewe ruhusa ya kusomwa na akaunti moja tu: chmod 600 dhis.conf.

Sasa tunawasha

Unahitaji vitu vitatu kwenye seva: Java ya toleo linalokubaliana na DHIS2 yako, kanzidata ya PostgreSQL yenye kiongezi cha PostGIS kwa ajili ya ramani, na Tomcat. Huyu Tomcat ndiye anayelipokea faili la .war, analifungua na kuwahudumia watu kwenye vivinjari vyao.

Unaliweka dhis.war kwenye folda ya webapps. Tomcat analiona mwenyewe. Jina la faili ndilo linakuwa njia ya anwani: dhis.war inafunguka kwenye anwani ya seva ikifuatiwa na /dhis. Ukiliita ROOT.war, linafunguka moja kwa moja bila mkia.

Sisi mara ya kwanza hatukuona kitu. Skrini tupu. Nikadhani tumeharibu. Jamaa akafungua faili la catalina.out, ambamo Tomcat anaandika kila kinachotokea, na jibu lilikuwa mle mle: nenosiri la kanzidata lilikosewa herufi moja. Usibahatishe, soma hilo faili kwanza.

Ukiingia, kitu cha kwanza kabisa: badilisha nenosiri. Mfumo mpya unakuja na akaunti ya admin yenye nenosiri "district". Si siri, dunia nzima inalijua. Kuliacha hivyo kwenye intaneti ni sawa na kulala mlango wazi.

Kosa lisilorudi nyuma

Watu wengi wanaamini kwamba toleo jipya likigoma, unarudisha faili la zamani na maisha yanaendelea. Kwa DHIS2, sivyo.

Toleo jipya likiwaka, linaanza kwa kubadilisha muundo wa kanzidata ili uendane nalo. Ukirudisha dhis.war ya zamani, inakuta kanzidata isiyoielewa. Boksi limerudi, lakini nyumba imeshapangwa upya.

Njia salama ni kuchukua nakala ya kanzidata kabla ya kugusa chochote:

pg_dump -Fc dhis2 > kabla.dump

Ihamishie kwenye mashine nyingine. Kisha jaribu kuirejesha, maana nakala ambayo hujawahi kuirejesha bado ni matumaini tu. Na usibadilishe mfumo siku za mwanzo wa mwezi, wakati vituo vinakimbizana kuingiza ripoti.

Umeme ukirudi, nani anawasha?

Wanaoikumbuka Desemba 2009 hawahitaji kuelezwa. Kebo ya umeme kutoka bara iliharibika, Unguja ikakaa gizani hadi Machi 2010. Hata leo, katizo la nusu saa linatosha kuzima seva.

Kwa hiyo Tomcat na PostgreSQL viwekwe vijiwashe vyenyewe mashine inapowaka. Kwenye Linux ni amri moja kwa kila kimoja, systemctl enable ikifuatiwa na jina la huduma. Bila hiyo, seva inaweza kuwaka taa zote huku mfumo umelala, na muuguzi Micheweni anabaki anabofya tu hajui kosa ni la nani.

Kama unasoma teknolojia pale SUZA, au unajifunza mwenyewe chumbani Mji Mkongwe, hili ni zoezi zuri la wikiendi na halina gharama zaidi ya bando. Chukua msimbo, ujenge, uwashe, uuharibu makusudi, kisha uurejeshe kutoka kwenye nakala. Ukiweza hilo la mwisho bila jasho, hapo ndipo uguse seva yenye namba za watu.