Msimfiche Mzee Msiba wa Rafiki Yake

Kliniki haipiti wiki bila mtu kuniuliza: "Daktari, baba kutwa anawataja rafiki zake waliokufa. Tumpe dawa gani awasahau?" Wengine hushusha sauti: "Au ndio wanamwita?"

Hawamwiti. Mwaka 1963 daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, aliwapinga wenzake waliodai kwamba mzee anayesimulia ya zamani akili yake imechakaa. Alieleza kuwa mtu huyo anayapitia maisha yake upya, na kwamba uzeeni hilo ni jambo la kawaida. Tena, mambo ya kati ya miaka 10 na 30 ndiyo humrudia mtu zaidi akizeeka, na huo ndio umri wa kupata marafiki. Asipewe dawa ya kusahau.

Kinachonikera zaidi ni kuficha. "Mzee ana presha, tusimwambie." Familia inakwenda kuzika, inarudi, inakaa naye sebuleni kama vile hakuna kilichotokea. Wiki kadhaa baadaye anapewa pole na mpita njia. Hapo anajua rafiki amefariki na nyumba nzima imemdanganya. Hakutia udongo kaburini, hakuitikia dua kwenye khitma, wala hakuwapa mkono wafiwa. Tangu siku hiyo kila mwenzake asiyepiga simu anamhesabu kuwa marehemu, na nimewaona wazee wanaoacha kuuliza kabisa. Ndiyo, habari ya kifo inaweza kupandisha presha. Basi mwambieni asubuhi, ameshakula na kumeza dawa zake, akiwa na mtu wake wa karibu. Semeni "amefariki", msizungukezunguke. Presha inawataka mwe waangalifu, haiwapi ruhusa ya kudanganya.

Na vile vidonge vya usingizi mnavyovinunua bila cheti, acheni. Diazepam hukaa siku kadhaa katika mwili wa mzee, kwa hiyo dozi ya leo inaikuta ya jana. Usiku anaamka kwenda msalani, anapepesuka, anaanguka, anavunjika nyonga. Huzuni iko palepale.

Fanyeni haya. Mpelekeni msibani akitaka. Toeni picha za zamani, ulizeni majina, mrekodini kwa simu. Wapigieni wenzake walio hai. Kama hasikii vizuri, apimwe masikio. Mwenye ugonjwa wa kusahau ni suala jingine: akishaambiwa akasahau, msimtangazie kifo kila anapomuulizia rafiki, maana kila mara atafiwa upya. Mwulizeni walikuwa wakifanya nini pamoja.

Mleteni kliniki akikonda au akigoma kula, au ikipita miezi 6 na huzuni bado inamzuia kuishi. Hicho ndicho kipimo cha mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022. Akisema anataka kufa, mleteni siku hiyohiyo.